Ari ya kupunguza uzito: kwa nini hufifia, na nini huidumisha

KILA ifikapo Januari, alfajiri ya Dar es Salaam hupata sura mpya. Katika ufukwe wa Coco, kwenye viwanja vya mpira na kandokando ya barabara za mitaani, watu wa rika mbalimbali huonekana wakikimbia, wakitembea kwa kasi na kuruka kamba. Kumbi za mazoezi nazo hupokea wanachama wapya. Lakini ifikapo Machi, umati huo huwa umepungua sana, na wengi walioapa kupunguza uzito huwa wamerejea katika maisha yao ya zamani.

Hali hii haiko Dar es Salaam peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanasaikolojia John Norcross wa Chuo Kikuu cha Scranton, Marekani, na mwenzake waliwafuatilia watu 200 waliojiwekea maazimio ya mwaka mpya. Baada ya wiki moja, asilimia 77 walikuwa bado wanayatimiza. Baada ya miaka miwili, waliobaki walikuwa asilimia 19 tu.

Jamii huwa na jibu jepesi kwa takwimu za namna hii: kwamba walioshindwa ni wavivu au hawakuwa na nia ya kweli. Hata hivyo, utafiti wa miongo kadhaa unaonyesha kuwa tatizo si upungufu wa nia. Wengi huanza na nia kubwa, lakini huiegemeza juu ya ari, nayo ari kwa tabia yake hupanda na kushuka. Wanaofanikiwa ni wale wanaoitumia ari ya siku za mwanzo kujenga mazoea yatakayoendelea hata siku ambayo ari haipo.

Suala hili lina uzito mkubwa katika miji ya Afrika Mashariki. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya nchini Tanzania, wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi kiasi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakawa asilimia 28 katika utafiti wa mwaka 2015-16, na kufikia asilimia 36 mwaka 2022. Nchini Kenya, kiwango hicho kilipanda kutoka asilimia 33 mwaka 2014 hadi asilimia 45 mwaka 2022. Uzito uliopitiliza huongeza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi na baadhi ya saratani.

Kipimo kinachotumika sana ni uwiano wa uzito na urefu. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 84 hupata takriban 31.

Mtu huyo akitazama kilo zote anazotakiwa kupunguza ili afikie kiwango cha kawaida, atakata tamaa kabla ya kuanza. Lakini madaktari wanaeleza kuwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa mfano huo, kunatosha kuleta nafuu inayopimika katika shinikizo la damu na kiwango cha sukari mwilini. Lengo la kwanza, basi, halina haja ya kuwa kubwa kama wengi wanavyodhani.

<b>Mizani inapogoma</b>

Sababu ya kwanza inayoua ari imo ndani ya mwili wenyewe. Katika wiki mbili za mwanzo, anayepunguza chakula huona mizani ikishuka haraka na kufurahi. Sehemu kubwa ya uzito huo si mafuta, bali ni maji. Ini na misuli huhifadhi akiba ya wanga, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Akiba inapotumika, maji nayo hutoka. Baada ya hapo mwili huanza kutegemea zaidi mafuta, ambayo hupungua polepole, kwani kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nguvu zipatazo kalori 7,700.

Asiyejua hayo huamini kuwa juhudi zake zimegonga mwamba wiki ya tatu au ya nne, ilhali hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza.

Aidha, mwili hujitetea. Mwaka 1995, Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kuwa mtu aliyepunguza asilimia 10 ya uzito wake hutumia nguvu kidogo kuliko ilivyotarajiwa kwa uzito huo mpya. Mwaka 2011, watafiti wa Melbourne, Australia, waligundua kuwa homoni zinazoamsha njaa na zile zinazoleta shibe zilikuwa bado zimevurugika mwaka mzima baada ya watu kupungua. Mwili huichukulia hali hiyo kama njaa ya ukame, na hufanya kila uwezalo kurudisha ulichopoteza.

Hata dawa mpya za sindano, zikiwemo zile zenye semaglutide ambazo Marekani iliziidhinisha kwa kupunguza uzito mwaka 2021, hazijaiondoa kanuni hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa walioacha kutumia dawa hiyo walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo, anayeona njaa ikimwandama baada ya kupungua asijilaumu kuwa ni mlafi. Ni mwili unaofanya kazi yake.

<b>Kuteleza si kuanguka</b>

Sababu ya pili imo katika fikra. Mwaka 1975, watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa watu kinywaji cha maziwa na aiskrimu, kisha wakawaruhusu kula aiskrimu kadiri walivyotaka. Wasiojinyima walikula kidogo baada ya kinywaji hicho, kwa kuwa walikuwa wameshiba. Waliozoea kujinyima walikula zaidi. Kwao, kinywaji kile kilikuwa kimekwishaharibu siku, hivyo hawakuona sababu ya kujizuia tena.

Fikra hiyo inafahamika vyema mitaani. Mtu aliyejizuia wiki nzima huenda harusini Jumamosi, akala pilau sahani mbili, kisha akasema kuwa ameshavunja mwiko. Jumapili anakula chipsi mayai, Jumatatu anaahirisha mazoezi, na hatimaye anaamua kusubiri Januari nyingine. Sahani mbili za pilau hazikumrudisha nyuma kwa kiasi cha kutisha. Kilichomrudisha nyuma ni wiki zilizofuata.

Utafiti wa Norcross una jambo la kutia moyo hapa. Zaidi ya nusu ya wale waliofanikiwa kwa miaka miwili waliteleza angalau mara moja, na kwa wastani kuteleza huko kulitokea mara 14. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na takwimu zinawaunga mkono. Tofauti kati ya aliyefaulu na aliyeshindwa ni kile anachokifanya katika mlo unaofuata.

<b>Maneno ya watu</b>

Sababu ya tatu haizungumzwi sana katika vitabu vya nchi za Magharibi, lakini ina nguvu kubwa Afrika Mashariki. Kwa vizazi vingi, mwili mnene umechukuliwa kuwa dalili ya neema. Mume anayenenepa baada ya ndoa huhesabiwa kuwa ametunzwa, na mwanamke mnene husifiwa kuwa maisha yamemkubali. Mwili unaopungua, kinyume chake, huamsha maswali.

Maswali hayo yana historia chungu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na nchini Uganda ugonjwa huo ulipewa jina la Slim kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Ingawa leo dawa za kufubaza virusi huwawezesha wanaoishi na VVU kuwa na afya njema, hofu ya kukonda bado haijafutika. Anayepungua kilo 6 kwa juhudi zake hukutana na jirani anayemuuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, kulikoni? Mbona umekwisha hivyo?" Shangazi naye humwongezea wali kwenye sahani kwa huruma, na kuukataa huonekana kuwa utovu wa adabu.

Dawa ya hali hiyo ni kuwaeleza watu wa karibu mapema. Mume, mke, mama au dada anayejua kuwa daktari ameshauri uzito upungue kwa sababu ya shinikizo la damu hugeuka kuwa msaada badala ya kikwazo. Inasaidia zaidi iwapo mabadiliko yatakuwa ya jikoni kwa familia nzima, kwani mtu mmoja hawezi kula peke yake kwa muda mrefu katika nyumba inayokula sinia moja.

<b>Kinachodumisha</b>

Mwaka 2009, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya utafiti wa watu 96 waliochagua jambo moja dogo la kulifanya kila siku, kama vile kula tunda wakati wa mlo wa mchana. Kwa wastani, jambo hilo lilihitaji siku 66 kuwa mazoea, ingawa kwa mtu mmoja mmoja muda ulitofautiana kati ya siku 18 na 254. Kuikosa siku moja hakukuharibu mwenendo huo.

Funzo lake ni wazi. Badala ya kubadili kila kitu tarehe 1 Januari, ni bora kuchagua jambo moja au mawili madogo na kuyashika hadi yasihitaji tena kulazimishwa. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari zaidi ya vijiko 8 vya chai, hivyo kuiacha soda ya kila siku ni hatua ya maana. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Kuyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu hupunguza mengi bila mtu kuhisi njaa. Nusu ya sahani ikijazwa mboga za majani na matunda, ugali au wali hupungua wenyewe.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer naye amethibitisha faida ya kupanga kwa mtindo wa "nikikutana na hili, nitafanya lile". Azimio la "nitafanya mazoezi zaidi" ni rahisi kusahaulika. Lakini anayesema "nikitoka kazini, nitashuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea" ameshajua lini, wapi na vipi. Vivyo hivyo, anayejua kuwa muuza maandazi hupita ofisini saa 4 asubuhi aweke ndizi au tunda jingine mezani mapema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo ni nusu saa tu ya kutembea kwa kasi kwa siku tano.

Nchini Marekani, daftari maalumu lililoanzishwa mwaka 1994 limeandikisha zaidi ya watu 10,000 waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Walitumia njia mbalimbali kupungua, lakini wanafanana katika kudumisha: wengi hupata kifungua kinywa kila siku, hujipima angalau mara moja kwa wiki, hutazama televisheni kwa muda mfupi, na asilimia 90 hufanya mazoezi kwa wastani wa saa moja hivi kila siku.

Kujipima huko kusiwe kila saa. Uzito hubadilika ndani ya siku moja kutokana na maji, chumvi na chakula, hivyo siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya kula, inatosha. Ni vyema pia kupima mzunguko wa kiuno kwa futi ya cherehani, na kuandika mambo ambayo mizani haiyaoni: ngazi zilizopandwa bila kuhema, usingizi uliotulia, na vipimo vya shinikizo la damu vinavyoshuka.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kwanza: wajawazito, wanaonyonyesha, wenye maradhi ya moyo, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kwani kupunguza chakula ghafla kunaweza kuishusha sukari yao kwa kiwango cha hatari. Aidha, yeyote anayepungua bila kukusudia anapaswa kupimwa.

Kwa wengine wote, hakuna ulazima wa kusubiri mwaka mpya wala Jumatatu. Aliyeacha mwezi uliopita hajapoteza alichojifunza. Anaweza kuanza tena kwa mlo wa leo jioni, akianza na jambo moja analoweza kulifanya hata siku atakayorudi nyumbani amechoka.