'Nina mtoto' na 'niko na mtoto' zina maana tofauti

MITAANI Kayole, Umoja na Buruburu nimesikia si haba mzazi akisema: "Mimi niko na watoto wawili." Katika Kiswahili sanifu, '-ko' huonyesha mahali nayo 'na' huonyesha kuandamana. Kwa hivyo, "niko na mtoto" ni kusema kuwa nipo pamoja naye. Huenda ni wa jirani. Kauli ya umilikaji ni "nina mtoto".

Hata hivyo, wasemaji hawa hawabahatishi. "Nilikuwa na mtoto" hubeba maana zote mbili hata katika Kiswahili sanifu. Wao wameuleta utata huo katika wakati uliopo. Mwalimu wa Eastlands asiishie kuandika "kosa" daftarini. Amweleze mwanafunzi maana anayoipoteza.