Mzabibu Uani, Bariadi

Katika nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani, ukalala, kisha ukaamshwa na joto. Jina la Bariadi lisikudanganye, ndugu msomaji: hapa hakuna baridi ya kuulaza, kazi hiyo hufanywa na mkasi. Wakulima wa Dodoma hupogoa mara mbili kwa mwaka, wakavuna mara mbili. Mwenye mzabibu uani apogoe Juni, mvua zikiisha, kisha amwagilie. Takriban miezi minne baadaye zabibu huiva. Udongo mweusi wa mbuga hutuamisha maji, mizizi ikaoza. Apande juu ya tuta lenye mchanga na samadi.

Zabibu nyingi za Dodoma huishia kwenye mvinyo, na wanazuoni wengi wamekataza kumuuzia ajulikanaye kuzikamulia huko. Za uani ziliwe na watoto, jirani apelekewe kishada, zilizobaki zianikwe.