Mkanda Juu ya Shuka

Ndugu msikilizaji, anayesafiri kutoka Singida kwenda Nzega hawezi kuukosa mlima Sekenke. Wazee wanaukumbuka kwa dhahabu yake, ambayo Wajerumani waliitumia mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 pale Tabora. Madereva wanaukumbuka kwa kona zake. Mimi naukumbuka kwa sababu ya mkanda.

Miaka mingi iliyopita basi letu lilizimika mlimani hapo, wanaume tukateremka kusukuma. Niliinama, nikakaza misuli, nikasikia "paa!" Mkanda wangu ulikuwa umekatikia kwenye bizimu. Nilikuwa nimeununua wiki ile ile mjini, kwa maneno matamu ya "ngozi halisi hii, bosi". Ndani yake kumbe ni karatasi ngumu iliyobandikwa plastiki. Nikabaki nimeshika suruali kwa mkono mmoja na heshima yangu kwa mkono wa pili.

Kando ya barabara alisimama mzee mmoja mfugaji, amejifunga shuka kiunoni na juu yake mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akatoa ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi akanipa nijifunge. Nilipomsifia mkanda wake alicheka. "Nguo haishikwi na mkanda, mwanangu. Nguo hushikwa na namna ulivyoifunga. Mkanda ni msaidizi tu."

Maneno hayo ndiyo elimu yote ya mkanda juu ya nguo ya kujifunga, iwe shuka, iwe kikoi, iwe ile nguo ya marinda ya Waskoti iitwayo kilti. Kilti hushikwa na vikanda vyake vidogo vya ubavuni, vyenye mabizimu. Ule mkanda mpana unaoonekana kwa nje, wa kama sentimeta 6, ni wa kuipamba nguo na kuituliza. Nasi tuanze hapo: kwanza funga shuka au kikoi chako vizuri, upande mmoja upite juu ya mwingine, ukunje pindo la juu. Ukitembea bila mkanda na nguo ikakaa, ndipo uchukue mkanda.

Kipimo chake si kile cha suruali. Zungusha uzi juu ya nguo yenyewe, mahali mkanda utakapokaa, kwa sababu mikunjo ya kitambaa huongeza unene wa kiuno. Urefu wa uzi huo uwe sawa na umbali kutoka kwenye bizimu hadi tundu la katikati. Hapo utabaki na matundu ya kukaza siku ya njaa na ya kulegeza siku ya pilau. Ukishajifunga, keti. Vidole viwili vikipita kati ya mkanda na nguo bila shida, inatosha.

Upana nao una kazi. Mkanda mwembamba hukata kiuno na kuviringisha kitambaa. Mpana hugawa mzigo. Kabla ya kulipa, tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana, ile ya kubandika huonyesha tabaka kama andazi. Ukunje: ukipasuka rangi, mrudishie mwenyewe. Pitisha kidole kwenye bizimu, maana ncha kali itachana nyuzi za kikoi. Ukiwa na sumaku, ijaribu: chuma kitanasa, na chuma kikipata jasho kitatia nguo kutu. Shaba hainasi.

Mkanda ukiwa mrefu, usikate ncha. Mpelekee fundi viatu afungue upande wa bizimu, apunguze huko, kisha alirudishe. Na tundu jipya litobolewe kwa chuma chenye mdomo wa duara. Msumari wa moto huunguza ngozi, na hapo ndipo mpasuko huanzia.

Sasa, msikilizaji, lipo jambo ambalo sikulisema mwanzo. Asubuhi ya siku ile, kule stendi, kondakta alimkatalia kijana mmoja kukaa viti vya mbele kwa sababu alikuwa amevaa shuka. Abiria tulinyamaza. Nami nilinyamaza, nimekaza mkanda wangu wa karatasi.

Dharau hiyo haikuanza na kondakta yule. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa suruali, kwa jina la maendeleo. Wala si sisi tu. Mwaka 1746 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume wa nyanda za juu za Uskoti kuvaa kilti, baada ya uasi wao. Askari wa mfalme walisamehewa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Leo Mskoti akishuka uwanja wa ndege na kilti yake tunamwomba picha. Mfugaji wa Sekenke akipanda basi na shuka yake tunavuta mizigo yetu karibu.

Tumeambiwa mara nyingi kufunga mkanda. Mwalimu alituambia hivyo baada ya vita vya Kagera, na tukafunga. Lakini mkanda mzuri haumfanyi mtu kuwa mtu, na suruali vilevile. Siku ile mlimani nilistiriwa na ngozi ya mbuzi, kutoka mkononi mwa mtu ambaye asubuhi ningemwacha asimame.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.