Kufuli na Vitasa vya Ghala la Chama

Ghala la chama huhifadhi jasho la wanachama. Kwa hiyo uchaguzi wa kufuli si jambo la kuachiwa fundi peke yake. Mara nyingi mwizi hahangaiki na kufuli lenyewe, bali hung'oa tumbuu, yaani pete ya chuma ambamo kufuli hupitishwa. Tumbuu iliyokazwa kwa skrubu fupi hung'oka upesi kwa mtaimbo. Yafaa ikazwe kwa bolti zipenyazo mlango mzima, nati zikiwa ndani. Bawaba nazo zisifikiwe kwa nje.

Kitasa cha mkono chatosha mlango wa chumba cha ndani. Ghala lahitaji kufuli lenye upinde mnene wa chuma kigumu. Pwani, penye hewa ya chumvi, kufuli la shaba halishikwi na kutu kama la chuma.

Ni bora ghala liwe na makufuli mawili: ufunguo mmoja kwa mtunza ghala, wa pili kwa katibu. Mtunza ghala abadilishwapo, kufuli lake nalo libadilishwe, na makabidhiano yaandikwe daftarini. Hivyo upungufu ukitokea, mwaminifu hatashukiwa bure.