Chuma Kisilale Uchi

Ni nani hapa Garsen asiyeijua Peugeot 504? Ilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, ikashinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na nyingi za hapa nchini ziliunganishwa Mombasa. Ndiyo maana wazee wetu hawakubali kuzipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanataka zifufuliwe. Lakini ajabu ni kwamba gari la zamani laweza kuharibika zaidi likiwa kwa fundi kuliko lilipokuwa limeegeshwa tu.

Pikapu ya babu yangu ilikaa miaka mingi chini ya mwembe na rangi yake kuukuu, ikiwa na matundu mawili tu chini ya mlango. Fundi mmoja akaipiga msasa yote kwa siku mbili, ikang'aa kama sufuria mpya. Halafu pesa za rangi zikaenda kwa karo, tena karo yangu mimi. Masika ikaingia. Niliporudi likizo ya Agosti, bodi nzima ilikuwa imevaa kutu.

Kwa nini? Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni palipo na maji. Si lazima mvua inyeshe, umande wa alfajiri na jasho la viganja vinatosha. Chumvi huharakisha mambo, ndiyo sababu magari ya Kipini, karibu na bahari, huliwa upesi. Tena kutu hailindi kilicho chini yake. Huvimba, ikabanduka, na chuma kipya kikabaki wazi kuliwa. (Bodi ya Land Rover za zamani ni aloi ya alumini, lakini fremu yake ni chuma, kwa hivyo mwenye nayo pia asilale.)

Basi kazi ifanywe kipande kwa kipande: leo mlango, kesho boneti. Kwangua kutu kwa brashi ya waya na msasa. Vidoa vilivyobaki ndani ya vishimo vipake asidi ya fosforasi, ambayo hugeuza kutu kuwa tabaka lisiloendelea kula chuma, kisha uoshe na kukausha kama kopo linavyoelekeza. Vaa glavu. Futa kwa kitambaa safi chenye thina, na usiguse tena kwa mkono mtupu. Siku hiyo hiyo, kabla ya umande kushuka, piga praima.

Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani praima ni rangi. Praima ya kawaida hunywa maji, na puti vilevile. Ukiliacha gari hivyo nje miezi mitatu ukitafuta pesa, kutu itaanza chini kwa chini bila wewe kuiona. Ukijua kazi itasimama, tumia praima ya epoksi, ambayo huziba. Ukiikosa, piga juu ya praima koti la rangi yoyote ya bei nafuu, hata kama siyo unayoitaka.

Na ile oili chafu ya mafundi wetu? Kwenye fremu itakayosubiri, husaidia kidogo. Pale utakapopaka rangi au kuchomelea, usiiweke kabisa: rangi haitashika, na oili huwaka.

Sisi wa Tana tuna adui mwingine, tope. Mafuriko ya 1997, 2018 na 2023 si hadithi kwetu. Tope huingia ndani ya milango na kuziba vile vitundu vya chini vya kutolea maji, kisha hukaa na unyevu wake wiki nzima. Vizibue kwa waya, osha kwa maji safi, liache gari juani milango ikiwa wazi. Ukichomelea, kumbuka rangi ya upande wa ndani imeungua pia. Pakishapoa, nyunyiza nta humo.

Usilifunike kwa nailoni hadi chini, maana mvuke wa ardhi hunaswa humo ndani usiku kucha. Banda la makuti lenye kupitisha upepo ni bora zaidi.

Pikapu ya babu tuliianza upya hivyo. Milango na boneti tayari ni nyeupe. Paa linangoja pesa, na kwa sasa lina kijani iliyobaki jirani alipopaka mlango wa duka lake. Watoto wa mtaani wanaiita Kasuku.