Mgunga na Askari Wake

Ndugu mkulima, bila shaka umewahi kuuona ule mgunga mfupi umeao penye udongo mweusi katika mbuga za Athi na Kapiti. Miiba yake ina vinundu vyeusi mfano wa ndimu ndogo, na upepo ukivuma vinundu hivyo hupiga mluzi. Ukiugusa tu, mkono hujaa sisimizi wenye kuuma.

Vinundu hivyo huoteshwa na mti wenyewe, vikiwa na uwazi ndani. Sisimizi hutoboa mlango tu wakahamia, na mluzi usikiao ni wa milango hiyo. Tena mti huwapa maji matamu yatokayo karibu na shina la jani. Nyumba na posho, basi, na kazi ni ulinzi. Mnyama akianza kula majani hutoka kwa wingi wakamwuma mdomoni. Hata ndovu huuepuka mti huu, maana sisimizi humwingia mkongani.

Nilipokuwa nikisomesha, niliwaambia watoto kwamba wanyama ni adui wa mti, nikaishia hapo. Haikutosha. Mwaka 1995 huko Mpala, Laikipia, wataalamu walizungushia ua sehemu kadhaa ili wanyama wakubwa wasiingie. Mtu angetazamia migunga ya ndani inawiri. Kumbe baada ya miaka kumi ilikuwa imepunguza vinundu na maji matamu, kama bwana aonaye hakuna mwizi akakata mshahara wa askari. Walinzi wema wakadhoofu, na mahali pengi wakaingia sisimizi wa namna nyingine, ambao hukaa katika matundu ya dumuzi na hawajali ulinzi. Dumuzi wakazidi kutoboa, miti ikadumaa na mingi ikafa. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2008.

Siku hizi liko jambo baya zaidi. Sisimizi mgeni, mwenye kichwa kikubwa, amefika Laikipia. Huwaua askari wa mgunga na kula watoto wao, wala yeye haulindi mti. Mwaka 2024 wataalamu walieleza kwamba alipoenea, ndovu huvunja migunga mara tano hata saba kuliko kwingine. Simba nao wamekosa kichaka cha kuwavizia punda milia.

Mgeni huyu hatakomea mbugani. Katika shamba huwatunza wale wadudu wenye unga mweupe wafyonzao miche na matunda, kwa kuwa hupenda maji yao matamu. Kwa miguu yake huenea polepole sana; safari za mbali husafirishwa na watu, ndani ya udongo na mizigo. Kwa hiyo ununuapo miche, iwe ya miembe au ya michungwa, chunguza udongo wa kila mfuko kabla ya kuipakia. Ukiona sisimizi wadogo wengi, na kati yao wachache wenye kichwa kikubwa kupita kiasi, usiipande. Mwonyeshe Bwana Shamba kwanza.