Mtoto akiokota jiwe kumpiga kunguru, mwambie nini?

Mtoto wa Mombasa hujifunza kumchukia kunguru kabla hajajua kuandika jina lake. Humsikia mama akimfukuza kwenye samaki walioanikwa uani na nyanya akihesabu vifaranga waliobaki baada ya wengine kunyakuliwa. Akifika shuleni, mahamri yake yanaporwa mkononi wakati wa mapumziko. Siku akiokota jiwe na kumlenga ndege huyo, hakuna mtu mzima anayemkemea. Akimpata, hupongezwa.

Chuki hiyo haikuzuka bure. Kunguru wa India, ambaye wengi wa Pwani humwita kurabu, ni mwizi hodari na hana haya. Akiwa na makinda huwashambulia wapita njia vichwani. Kero hizo huonekana na kila mtu, lakini wahifadhi wanahofia zaidi yale yanayotokea juu ya miti. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo wa asili, wakiwemo kwera na chozi. Mahali wanapojaa kurabu, ndege hao hupungua, na mtoto anaweza kukua akidhani kwamba sauti ya ndege ni ule mlio wa “kaa, kaa” peke yake.

Kuna jambo moja ambalo watoto wengi hawaelezwi: kunguru huyu hakuvamia Afrika Mashariki kwa hiari yake. Aliletwa. Katika miaka ya 1890, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, wakubwa wa wakati huo waliagiza ndege hawa kutoka Bara Hindi ili wale taka za mji. Kazi ya kufagia ikapewa ndege. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha kufika Mombasa, na leo wametapakaa mwambao mzima, Dar es Salaam ikiwemo, huku nchini Kenya wakizidi kuifuata barabara kuu kuelekea bara. Huwaoni katikati ya msitu. Utawaona jaani, sokoni, machinjioni na nyuma ya hoteli, yaani pale pale palipo na masalio yetu.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Wenye hoteli walikuwa wamelalamika kwamba wageni hawawezi kula nje kwa amani. Wauza samaki na wafugaji wa kuku wamelalamika kwa miongo mingi, ila malalamiko yao hayakuwa na uzito kama ya mwenye hoteli. Siasa za uhifadhi mara nyingi huwa hivyo.

Silaha kuu katika mpango huo ilikuwa dawa inayoitwa Starlicide. Si ngeni. Iliwahi kutumika Malindi na Watamu, na kunguru wakapungua sana, kisha matumizi yake yakasimamishwa mwaka 2005 na ndege wakarudi kwa wingi. Zanzibar nayo ilipitia hali kama hiyo: kampeni ya miaka ya 1990 iliwapunguza mno, ilipokatika wakaongezeka tena. Wanaoiunga mkono husema humchagua kunguru kuliko ndege wengine wengi na kwamba huvunjika mwilini mwake haraka, hivyo paka au mbwa akila mzoga hadhuriki kirahisi. Watetezi wa wanyama husema ni kifo cha polepole, maana dawa huharibu figo na ndege anaweza kuchukua siku moja au mbili kufa. Pande zote mbili zina hoja. Mzazi anayetaka kunguru wapungue si mkatili, na anayeuliza maswali kuhusu sumu si adui wa maendeleo.

Hatari huanza pale chuki inapotangulia maarifa. Katika ardhi hii kuna kunguru mwingine, mwenyeji halisi, ambaye ni mkubwa zaidi na ana kifua na shingo nyeupe pe. Huyo ndiye aliyekuwapo wazee wetu waliposema kunguru hafugiki. Kunguru wa India ni mwembamba, na shingo yake ni ya kijivu. Jiwe la mtoto halitofautishi nyeupe na kijivu kama mtoto mwenyewe hajafundishwa kutazama. Dakika tano za kusimama naye dirishani kuwatambua ndege hawa wawili zitamfaa kuliko hotuba ndefu ya mazingira.

Jina nalo lina mtego. “Kunguru wa India” ni jina la kueleza asili ya ndege, lakini katika uwanja wa shule linaweza kugeuzwa kijembe. Pwani ina familia nyingi zenye asili ya Bara Hindi zilizoishi hapa vizazi kadhaa. Maneno kama “wageni waharibifu” na “warudi kwao”, yanayosemwa kwa urahisi kuhusu ndege, hutoka mdomoni mwa mtoto wa miaka tisa yakiwa yamekwisha kumwelekea mwenzake wa darasani. Mzazi akiyasikia asicheke. Aeleze papo hapo kwamba kinachojadiliwa ni ndege na mayai ya ndege wengine.

Kubwa zaidi ni sumu za kujitengenezea. Aliyechoka na kunguru hushawishika kupaka dawa ya wadudu kwenye kipande cha nyama na kukiacha ukutani. Tumeona nchini Kenya namna dawa ya shambani aina ya kabofurani ilivyoua simba na tumbusi kwa mizoga iliyopakwa sumu, na nyama hiyo ukutani inaweza kuokotwa na paka, kuku au mtoto anayetambaa. Kama hatua ni lazima, iachiwe wenye kibali na mafunzo. Ipo pia mitego ya matundu ya waya, ambayo huwekwa chakula, maji na kunguru hai wa kuwavuta wenzake. Huendelea kunasa taratibu iwapo kuna mtu wa kuuhudumia kila siku, maana kunguru ni mwerevu na hukwepa upesi mahali alipoona hatari.

Nyumbani, kazi ipo kwenye pipa. Funika taka, usimwage matumbo ya samaki nyuma ya nyumba, watengee vifaranga banda lenye wavu juu. Kiota kikiwa juu ya mwarobaini au mwembe ulio karibu na mlango, usimpandishe mtoto kukibomoa. Wazazi wa makinda hao watamwendea machoni.

Na ndege mfu akionekana uani, hasa penye kampeni ya dawa, mtoto asimguse wala asimsukume kwa mguu. Amwite mtu mzima, ambaye atamwokota kwa glavu au mfuko wa plastiki, amzike kwa kina mahali ambapo mbwa hawezi kufukua, kisha anawe mikono kwa sabuni. Wakiwa ni wengi kwa pamoja, ofisi ya KWS iliyo karibu ijulishwe, na mtoto aelezwe walivyokufa na kwa nini, hata kama swali lake litakuwa gumu.